Kabla hujanunua gemu la mwendelezo

Wanangu wa Dodoma mnaopenda gemu, kabla hujatoa hela ya toleo jipya, pita kwanza kwenye banda la gemu mtaani kwako, Majengo au Chang'ombe, ulicheze nusu saa. Shika pedi, halafu jiulize: vidole vyangu vinafanya jambo gani ambalo toleo la zamani halikuwa nalo? Kama jibu ni jezi na usajili tu, bakia na la zamani. Mfano, FIFA 20 hadi FIFA 23 za mashine ya gemu ya Nintendo Switch ziliuzwa kwa jina la Legacy Edition: vikosi na jezi vipya, uchezaji uleule.

Ramani kurudiwa isikutishe, hilo wengi wanalikosea. Gemu la Zelda la 2023, Tears of the Kingdom, limerudia nchi ileile ya kubuni ya Hyrule iliyokuwa kwenye toleo la 2017, Breath of the Wild, lakini kuna visiwa vya angani, mashimo ya chini kwa chini, na unaunganisha mbao na magurudumu ujitengenezee gari lako. Hilo ni gemu jipya kabisa, na mimi ningelilipia bila kusita.

Na kasha la diski usilitupe. Ukitaka kubadilishana na mwenzako, kasha linaongeza bei.