Somo: kuchagua bastola ya kubeba mwilini kwa sisi tunaoishi visiwani

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Maalim, nichukue bastola gani?" Nimejibu kwa simu, nimejibu barazani, nimejibu hata msibani. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza bila kusoma nitamrudisha hapa hapa. Somo ni la mtu mzima mwenye kibali au anayekiomba kwa njia halali: mwenye duka anayefunga usiku, mnunuzi wa mazao, anayekaa shamba mbali na majirani.

1. Kibali kwanza. Polisi ni jambo la Muungano, na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayofuatwa. Anzia kwa sheha wako, kisha kituo cha polisi. Bastola ya "kushikia kwanza huku kibali kinafuatiliwa" haipo.

2. Punguza haja ya kuibeba. Komeo zuri, taa ya nje, jirani anayepokea simu usiku, na kutotembea na mauzo ya siku nzima kwenye mfuko uleule, njia ileile, saa ileile. Weka pesa kwa wakala kabla ya magharibi. Kwa wengi wanaoniandikia, hatua hii peke yake inatosha.

3. Angalia unavaa nini. Watu wanairuka hatua hii, wananunua, halafu wanarudi kwangu. Sisi hatuvai kama wale wa kwenye video za Marekani, wenye suruali ya jinzi, mkanda mpana na koti. Mtu wetu yuko ndani ya kanzu au shati jepesi, jasho linamtoka tangu asubuhi.

Kanzu inafika kwenye vifundo vya miguu. Ukiifunga bastola kiunoni chini ya kanzu, ili uifikie lazima uukusanye mshono wa chini kwa mkono mmoja, uuvute mpaka juu ya kiuno, uushikilie hapo, ndipo mkono wa pili uingie. Jaribu chumbani bila silaha yoyote, utaona kitambaa kinavyokwama kwenye magoti. Wengine wanaitia kwenye mfuko wa ubavuni. Kitambaa cha kanzu ni chepesi: bastola inaning'inia, inapiga paja kila hatua, na mwenye macho anaiona toka mbali. Mbaya zaidi, mfukoni humo humo mna funguo na tasbihi. Ufunguo ukiingia kwenye kifyatulio, risasi inatoka kwenye paja lako.

Halafu kuna swala. Nimeona bastola ikimponyoka mtu katika sujudu, ikateleza kwenye mkeka mbele ya safu nzima. Haikufyatuka, alhamdulillahi, lakini kulikuwa na watoto safu ya nyuma. Kwa hiyo nasema wazi: siku ya kanzu, bastola inabaki kwenye sefu. Ijumaa, msibani, maulidi, harusini, inabaki kwenye sefu. Siku unayobeba, vaa suruali yenye mkanda mgumu na shati la kuachia nje, liwe la rangi ya kiza au la maua, lisiwe jeupe la kubana. Na siku hiyo panga mapema utaswali wapi. Usiiache kwenye gari, usiifiche chini ya viatu, usimpe mtu akushikie.

Ukishajua utavaa nini, ndipo unajua bastola ya ukubwa gani inakaa mwilini mwako.

4. Ala kabla ya bastola. Ala ni ile nyumba ya bastola kiunoni. Iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, isilegee ukiinama, na mdomo wake ubaki wazi unapoirudisha silaha. Ala laini ya kitambaa inajikunja, na ncha yake inaweza kuingia kwenye kifyatulio. Unaporudisha, kunjua shati pembeni, tazama kwa macho, rudisha polepole. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

5. Mkono. Shika ukiwa umeikagua na ni tupu. Pande la kwanza la kidole cha shahada lifike kwenye kifyatulio bila wewe kuzungusha kiganja. Uweze kuikoki bila kuhangaika. Bastola ndogo sana inavutia dukani, lakini kadiri inavyokuwa nyepesi na fupi ndivyo teke lake (inavyorudi nyuma ukipiga) linavyokuwa kali na shabaha inavyopotea. Glock 43 ni nyembamba, inabeba risasi 6 kwenye magazini (kasha la risasi); Glock 19 ni nene zaidi, inabeba 15. Mtu mwembamba wa shati jepesi ataificha ya kwanza kwa urahisi, lakini afanye mazoezi zaidi. CZ 75 ya chuma kitupu inatulia sana mkononi, ila kwa uzito wake wa karibu kilo moja utaiacha nyumbani ifikapo wiki ya pili.

6. Risasi. Chukua ya 9x19 (unene milimita 9, ganda milimita 19). Ndiyo inayotumika zaidi duniani kwenye bastola, kwa hiyo ni rahisi kuipata kwa muuzaji halali kuliko nyingine. Ndogo kuliko hiyo ni kwa mwenye mkono usioweza. Na kumbuka risasi haiishii kwa unayemlenga: mlango wa mbao, dari ya jipsamu na bati haviizuii. Anayekaa kwenye maghorofa ya Michenzani afikirie majirani wa juu, chini na ubavuni kabla ya kufikiria nguvu.

7. Rivolva (bastola yenye gurudumu la risasi linalozunguka) au ya magazini? Rivolva ndogo, kama Smith & Wesson Model 36 ya risasi 5, ni rahisi kuielewa na inasamehe uvivu wa mwenyewe. Kifyatulio chake ni kizito kuvuta na kujaza upya ni kazi. Mimi nabeba ya magazini.

8. Kutu. Hewa yetu ina chumvi, na jasho la kiunoni ni chumvi vilevile. Ulivyozoea kufuta bastola mara moja kwa mwezi ukiwa Dodoma, hapa haitoshi. Ukirudi nyumbani, ondoa risasi, futa nje kwa kitambaa kikavu kisha chenye mafuta kidogo ya bunduki. Angalia skrubu, magazini na vielekezo vya kulengea, kwa sababu kutu huanzia huko huku mwili wa juu bado unang'aa. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi: ngozi inashika unyevu, na maganda ya risasi yanaota ukijani.

9. Sefu. Imefungwa ukutani, watoto hawana ufunguo wala namba.

10. Mazoezi. Kwa mkufunzi, uwanja ulioruhusiwa. Kidole nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga.

Maswali yaanze.

Kijana_wa_Darajani: Mkuu, bei gani, na nitaipata wapi fasta bila mlolongo wa makaratasi?

Maalim: Hatua ya 1. Huo mlolongo ndio njia yenyewe. Swali hili sitalijibu tena.

Mama wa Fuoni: Assalamu alaykum Maalim. Mimi navaa baibui na kibali ninacho, nafunga duka la vitambaa saa mbili usiku. Kiunoni haiwezekani. Mkobani je?

Maalim: Waalaykumu salaam dada yangu. Umeuliza vizuri, nami nilipaswa kuandika hili tangu mwanzo. Mkoba una kasoro mbili. Ukiporwa mkoba, umeporwa na bastola. Na mkoba huwekwa chini, juu ya kiti, mtoto anaufungua kutafuta peremende. Ukilazimika, uwe wa kupitisha mkanda begani na kifuani, wenye mfuko wa peke yake wa zipu wenye ala ngumu ndani, na humo kisiingie hata sarafu moja. Usitoke mwilini mpaka umefika kwenye sefu. Kwa biashara yako, mimi ningeanza na kufunga kabla ya magharibi na kutoka pamoja na wenye maduka ya jirani. Kama hayo hayawezekani, niandikie tupange na mkufunzi wa kike.

Kusi: Bastola isiyo na sefti ya kidole (kitufe cha kuizuia isifyatuke) kama Glock ni hatari tupu, kwa nini unawapotosha watu?

Maalim: Sijampotosha mtu. Glock ina sefti tatu zinazofanya kazi zenyewe, moja iko kwenye kifyatulio chenyewe. Jeshi la Austria liliichukua tangu 1982. Haifyatuki isipovutwa. Ndiyo maana nimeandika aya nzima juu ya ala, aya ambayo hukuisoma. Ukitaka yenye sefti ya kidole, chukua, ila uizoee mpaka kidole kiishushe chenyewe.

Mpemba wa Wete: Maalim, babu yetu amefariki wiki iliyopita, tumekuta bastola ya zamani sandukuni, juu imeandikwa kwa Kirusi. Kaka anasema ni 9 mm, risasi za siku hizi zitaingia. Ni kweli?

Maalim: Mungu amrehemu. Kwanza, msiiguse zaidi. Fungeni chumba, pigeni simu kituo cha polisi, wawaambie kama watakuja wao au nyinyi mfanyeje. Msiibebe kwenye daladala kuipeleka. Kibali cha babu hakirithiwi pamoja na sanduku.

Pili, kwa faida ya elimu: huenda ni Makarov. Hiyo inatumia 9x18, na 9x19 ni risasi nyingine. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na hata kichwa cha 9x18 ni kinene kidogo zaidi. Kuna na 9x17, fupi zaidi. Zote zinaitwa "tisa" mitaani. Kutia risasi isiyo yake ni kucheza na vidole vyako. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, na risasi ilingane nacho herufi kwa herufi.

Mpemba wa Wete: Ahsante Maalim. Nimempigia mjomba, anaongea nao sasa.

Maalim: Umefanya la maana, mwanangu.

Bahari_Nne: Mafuta ya nazi yanafaa kufutia?

Maalim: Hapana. Yanachacha, yanakusanya vumbi. Hata ya cherehani yanalainisha tu, kutu hayaizuii sana.

Fundi Kamera: Naongeza kidogo, Maalim ukiruhusu. Mimi natengeneza kamera, na unyevu wa Unguja unaotia ukungu kwenye lenzi ndio huo huo. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinafyonza unyevu, lakini vikishiba havifanyi kazi tena, watu wanaviacha mwaka mzima.

Maalim: Karibu sana fundi. Vikishiba unafanyaje?

Fundi Kamera: Nanunua zile chembechembe zinazobadilika rangi zikilowa. Nazitandaza kwenye sinia, natia kwenye oveni moto mdogo mpaka rangi irudi, kisha nazifunga haraka kabla hazijapoa hewani. Wakati wa masika nafanya kila wiki mbili.

Maalim: Hii naiongeza kwenye hatua ya 8. Kwa sefu ndogo ya ukutani utatia gramu ngapi?

Fundi Kamera: Anza na konzi moja ya mkono, na mpira wa mlango usiwe umepasuka, maana hapo ndipo hewa inapoingia.