Unakaa karibu na reli? Jifunze kusoma behewa kabla halijaanguka

Ndugu zangu wa Buguruni, Vingunguti na kote reli inakopita karibu na mlango wa mtu, mafuta yanapita hapo, na upande wa TAZARA kuna salfa inayoenda migodi ya shaba ya Zambia, kwahiyo badala ya kukaa roho juu tu anza na kitu kimoja, jifunze kusoma behewa.

Mzigo hatari unatakiwa uwe na kibandiko cha umbo la almasi ubavuni. Chekundu chenye mwali ni vitu vinavyowaka, fuvu ni sumu. Halafu tafuta namba ya tarakimu nne, mara nyingi iko kwenye kibao cha rangi ya chungwa, na hiyo namba ni ileile dunia nzima: 1203 petroli, 1202 dizeli, 1075 gesi ya kupikia, 1005 amonia, 1017 klorini. Ziandike ukutani jamani. Ukipiga 114 ukawaambia zimamoto "ni 1017 inavuja" wanajua wavae nini kabla hawajatoka kituoni. Isome ukiwa mbali, vuta kwa kamera ya simu, usisogee!

Likivuja, cheki kwanza upepo, angalia moshi au kanga zilizoanikwa zinapepea kwenda wapi, kisha toka kwa kukata upepo ubavu na uzunguke uende kule upepo unakotokea. Usikimbilie mtaroni wala bondeni maana klorini, gesi ya kupikia na mvuke wa petroli ni vizito kuliko hewa, vinatambaa chini. Bodaboda isiwashwe, jiko lizimwe kama linazimika haraka. Tenki la petroli likishika moto kaeni mita 800, la gesi mita 1600, najua ni mbali na watoto mgongoni ila ndo hivyo. Na ndoo acheni nyumbani, Morogoro Agosti 2019 lilikuwa lori tu, watu wanachota petroli, wakafa zaidi ya 100.

Sasa mkutano wa mtaa. Swali la kwanza kabisa liwe hili: mabehewa ya mafuta yanalala wapi usiku, nani yuko nayo, na breki za mkono zinakaguliwa na nani? Lac-Mégantic kule Kanada, Julai 2013, treni iliachwa mlimani bila mtu, breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, ikateremka na matenki 72 ya mafuta ghafi hadi katikati ya mji, watu 47 wakafa. Mwenyekiti aandike barua kwa shirika la reli, nakala LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini) na zimamoto, mdai jibu la maandishi. Ratiba ya mizigo si lazima itangazwe kwa kila mtu, lakini zimamoto wa eneo lenu lazima waijue.

Mkimaliza hapo chagueni sehemu mbili za kukutania, moja kila upande wa reli, kwasababu upepo wa asubuhi sio wa jioni, na mpange kwa majina nani anambeba bibi asiyeweza kutembea.