Birika la chai halichomekwi hapa: kuandaa mashindano ya gari za rimoti ukumbini

Kazi yangu ni kutengeneza simu, kibanda kipo Mbuyuni, Moshi. Gari za rimoti zilinikuta kazini. Kijana alileta yake imekatika waya wa mota, nikamuungia, wiki iliyofuata wakaja wanne. Sasa masika yakianza na wao wakahamia ukumbini, mimi ndiye nashika umeme na saa. Haya ninayoandika ni ya yule atakayekaa nyuma ya meza.

Anza na umeme. Wengi wanaanza na zulia kwa kuwa ndilo linaloonekana kwenye picha. Wewe nenda siku mbili kabla, umwombe mlinzi akuonyeshe boksi la sakiti breka, usome namba. Ukumbi tuliokodi mwaka jana, soketi zote za upande wetu zilikuwa kwenye breka moja ya ampea 10. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2,300 basi. Chaja moja ikijaza betri ya seli mbili kwa ampea 5 inakula kama wati 50, kwa hiyo chaja kumi ni 500. Ongeza pasi za kuunganishia waya, spika na kompyuta, bado unapumua. Nikajiona nimemaliza hesabu.

Raundi ya pili ya mchujo, mama wa jikoni akaja polepole na birika la umeme, lile kubwa la chai ya sherehe, wati 3,000, akachomeka kwenye ekstensheni yetu. Hata dakika mbili hazikuisha. Ta! Chaja kimya, spika kimya, na kompyuta ya kuhesabia mizunguko, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikazima na matokeo ya gari sita.

“Jamani baba, nilijua ni ya wote,” akaniambia.

Alikuwa na haki. Hakuna mahali nilipoandika. Siku hizi kila soketi yetu ina solotepu na maandishi ya maka pen, kompyuta lazima iwe na betri nzima, na raundi ikiisha matokeo yanaandikwa kwenye daftari kabla gari hazijatoka zuliani. Mama anapewa jiko la gesi na kona yake. Chai usiiondoe, aisee, watu wanaingia saa mbili asubuhi na wanatoka jua limezama.

Meza ya kuchaji iwe karibu na mlango, juu yake panga vigae vilivyobaki kwa fundi ujenzi. Chini weka ndoo ya mchanga mkavu. Betri hizi ni lipo, yaani lithiamu polima, zikichemka zinatoa moto wa ghafla na moshi mbaya, hivyo kila moja inachajiwa ndani ya mfuko wake wa kuzuia moto, na mwenyewe haondoki. Betri ya seli mbili imeandikwa volti 7.4, ikijaa ni 8.40. Hapo ndipo mwisho. Ninapima kwa mita yangu ya kibandani, inayozidi hairuhusiwi kuingia mashindanoni hata kama ni ya mtoto wa mwenye ukumbi.

Kijana mmoja aliniletea betri imevimba kama andazi. “Shikamoo mjomba. Bado inapeleka hii.” Nikamwambia marahaba, itoe nje. Alinuna hadi mchana. Betri iliyovimba hailali ndani ya jengo lenye watu, sibishani hapo.

Njia yenyewe haina maneno mengi. Zulia fupi lisilo na manyoya, kingo zibanwe kwa solotepu pana, kona zichorwe kwa mpira wa bustani. Sakafu ya kukodi hupigi skrubu, kwa hiyo mpira tunaujaza mchanga uliochekechwa na kuziba ncha kwa vitambaa; gari ikigonga, hausogei. Waya wa kusomea transponda unapita chini ya zulia kwenye mstari wa kuanzia. Kila gari ina transponda, kidude kinachotuma namba yake, ikivuka waya kompyuta inaandika. Madereva wasimame juu, jukwaa la kwaya linafaa sana.

Waokotaji, wanaoinua gari zilizopinduka au kukwama, ndio watu muhimu kuliko madereva. Desturi ya mchezo huu duniani ni kwamba ukimaliza raundi yako, unabaki kuokota gari za raundi inayofuata. Hapa watu wanakimbilia chai. Dawa niliyoipata: asiyeokota anafutiwa raundi yake bora. Tunaazima reflekta za bodaboda wa kijiweni, kila mmoja anasimama kwenye namba aliyopangiwa. Mfundishe hivi: kwanza tazama gari zinazokuja, ndipo uiname. Shika gari pembeni, tairi huwa bado zinazunguka. Iweke chini ikitazama inakoelekea wenzake, nje ya mkondo wao. Usiitengeneze, hata kama dereva anakupigia kelele. Mwaka jana mmoja aliirudisha kinyume, ikagongana uso kwa uso na aliyekuwa anaongoza.

Matokeo yanasomwa hivi: 17/5:04.2. Dakika tano zikiisha gari inamalizia mzunguko iliouanza, kwa hiyo hiyo ni mizunguko 17 kwa dakika 5 na sekunde 4.2. Aliye na mizunguko mingi yuko mbele, wakilingana inaangaliwa saa. Waeleze asubuhi, wakishakasirika hawasikii.

Fainali ikiisha usiruhusu mtu aondoke na betri iliyojaa. Zihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa seli. Chaja inaweza kuzishusha, ila inachukua muda, na mlinzi wakati huo anagongesha funguo. Kwa hiyo nawaambia wazishushe hadi hapo kwa kuendesha. Mimi nakunja zulia, wao wanazungusha gari sakafuni, zinateleza kati ya miguu ya viti, na mama wa chai anatandaza khanga mlangoni kuzizuia zisitoke nje.