Mzee mwenye kansa ya prostati: namna ya kumtuliza maumivu nyumbani, Bukavu

Prostati ni tezi ya mwanaume iliyo chini ya kibofu. Kansa yake ikitoka kwenye tezi hupenda kukimbilia mifupa: uti wa mgongo, nyonga, mapaja, mbavu. Ndiyo sababu mzee hulalamika mgongo, hasa usiku, na jamaa hudhani ni baridi ya ziwa. Ikifika hapo haiponi tena, lakini maumivu yake yanatibika. Mzee anaweza kulala, kula bugali lake na kuongea na wajukuu.

Kosa linalorudi kila nyumba ni kungoja mpaka alie ndipo apewe dawa. Kidonge huchelewa nusu saa na zaidi kabla ya kufanya kazi, na wazee wengi hata hawalii: wananyamaza, wanageukia ukuta. Dawa ifuate saa, hata kama wakati huo hasikii maumivu. Paracetamoli ya 500 mg ni vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini apewe pungufu. Ibuprofeni na diklofenaki zinauzwa kila famasi na kweli zinatuliza mifupa, ila hapa zina hatari: tezi ikiziba mkojo figo huumia, na dawa hizo huziumiza zaidi. Asipewe mpaka daktari akubali.

Paracetamoli ikishindwa, mwombeni daktari morfini ya kunywa. Wengi huiogopa wakisema ni dawa ya kummalizia mtu. Si kweli: kwa kipimo sahihi haimuui, inamrudishia usingizi. Kwa kawaida daktari huanza na 5 mg kila saa 4, au 2.5 mg kwa mzee dhaifu. Figo zikiwa mbovu, hupunguza kipimo na kurefusha muda kati ya kipimo na kipimo. Ratiba nyepesi ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku kipimo mara mbili, ili asiamshwe usiku wa manane. Maumivu yakichomoza katikati, apewe kipimo kimoja cha ziada, na kile cha saa yake kisirukwe. Andikeni kila kipimo kwenye daftari. Akihitaji cha ziada zaidi ya mara 2 au 3 kwa siku, pelekeni daftari kwa daktari aongeze. Msiongeze wenyewe, wala msichanganye na tramadoli, dawa nyingine ya maumivu.

Someni chupa kila mnapoletewa mpya, kwa sababu morfini ya maji haina nguvu moja: kuna yenye 5 mg katika mililita 5, na kuna yenye 10 mg katika mililita hizo hizo. Pimeni kwa seringi isiyo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Vidonge vya morfini vinavyotoa dawa polepole kwa muda wa saa 12 visisagwe, dawa yote itatoka kwa mara moja.

Morfini hufunga choo, kila siku, bila kuzoea. Anzeni bisakodili, dawa ya kufungua choo, 5 hadi 10 mg jioni, siku ile ile ya kwanza, na papai na maji ya kutosha. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache. Lakini asipoamshika, akishtukashtuka misuli, au pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika, msimpe kipimo kinachofuata; mkimbizeni hospitali.

Mkojo nao una mambo yake. Mwenye sonde, yaani mpira wa kutolea mkojo, mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, na umwagwe kabla haujajaa. Osheni kwa sabuni na maji kila siku pale sonde inapoingilia. Mkojo ukikoma kwa saa 4 na tumbo la chini likavimba, kwanza angalieni kama mpira umejikunja. Kama sivyo, damu iliyoganda huenda imeziba. Nendeni kituo cha afya. Msiivute sonde kamwe: ndani ya kibofu ina puto lenye maji.

Kumgeuza, kila saa 2, kunataka watu wawili na kitenge kilichokunjwa chini yake kuanzia mabega hadi mapaja. Msimvute mkono wala mguu. Mfupa ulioliwa na kansa huvunjika kwa mvuto mdogo tu.

Jambo moja halingoji kesho: miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kukataa ghafla, maumivu ya mgongo yanayozunguka kama mshipi. Ni dalili kwamba neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo inabanwa. Asipopata deksametasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na uchunguzi siku hiyo hiyo, huenda asitembee tena. Kule Kadutu, komini ya Bukavu, ambako gari halifiki mlangoni, andaeni mapema kipoyi, yaani machela ya kumbebea, na mkubaliane ni nani watakaombeba, mgongo ukiwa umenyooka.

Siku za mwisho atakataa chakula. Msimlazimishe, kitampalia. Lowesheni midomo kwa kitambaa safi chenye maji. Akishindwa kumeza, morfini isikatwe. Mwulizeni daktari njia nyingine ya kumpa. Chupa ikae imefungiwa mbali na watoto, na itakayobaki irudishwe hospitali iliyoitoa.