Mashine ya Kuosha Vyombo Imegoma? Anza na Maji Kabla Hujanunua Bodi

Mimi ni fundi wa mashine za nyumbani hapa Nairobi, na kitu huniuma ni kukuta mtu ameambiwa anunue bodi mpya (ile saketi ya stima inayoendesha mashine), pesa ndefu, na shida ni mchanga tu. Juzi mama mmoja Kileleshwa fundi alikuwa amemwambia bodi imeungua. Nikafungua paipu ya kuingiza maji, kile kichujio kidogo cha waya kimejaa matope mekundu hadi huoni upande wa pili, nikakisugua na mswaki mzee, mashine ikafanya kazi hapo hapo. Mji huu maji huja kwa zamu, na yakirudi baada ya siku mbili huja na uchafu wote uliokuwa umetulia kwa mabomba na tenki, kwa hivyo fuata maji kwanza.

Hatua ya 1. Chomoa plaga kwa soketi, usizime tu kwa batoni. Kama plaga imejificha nyuma ya kabati, zima breka yake kwa boksi la stima, hiyo ni volti 240 na unaenda kushika maji. Tafuta taulo mbili, beseni, spanji, plaizi, bisibisi, tochi na mswaki mzee.

Hatua ya 2. Maji yanaingia? Ukiwasha ukose ile sauti ya maji kuingia, alafu inaonyesha hitilafu, chomoa tena, funga mfereji wake na ufungue paipu, elekeza mfereji kwa ndoo uone presha. Mashine nyingi zinataka presha ya angalau bar 0.3 hadi 0.5 (bar ni kipimo cha presha), na tenki likiwa mita 10 juu yako unapata kama bar 1, sasa wewe unaishi floo ya juu kabisa na tenki liko mita mbili tu juu ya jikoni unapata 0.2, mashine ni nzima lakini haishibi maji. Hapo dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha. Kama presha ni poa, tafuta hicho kichujio, kiko mdomoni mwa paipu ama pale paipu inaingia kwa mashine, kivute polepole na plaizi ukioshe. Paipu ikiwa na boksi nene la plastiki upande wa mfereji usilitumbukize kwa maji wala usilikate, ndani kuna valvu ya stima.

Hatua ya 3. Maji hayatoki, yamesimama chini yananuka. Hii ndio naitiwa sana. Yachote na kikombe, malizia na spanji, toa ile trei ya chini, zungusha chujio ulitoe. Chini yake utaona kifuniko cha pampu, kingine unakivuta, kingine kina skrubu. Mulika na tochi kabla hujaingiza mkono, tafadhali, kwa sababu kipande cha glasi ndani ya maji machafu hukioni na kinakata vibaya. Nimetoa humo vijiti vya meno, mbegu za tikiti, karatasi ya chupa ya jamu, na siku moja kipande cha mfupa wa kuku kidogo kama punje ya mchele kilikuwa kimekwama katikati ya gurudumu la pampu. Hilo gurudumu lizungushe na kijiti: likienda kwa kurukaruka usishtuke, ndani kuna sumaku, iko sawa. Lisipozunguka kabisa, ama linacheza huku na huku limelegea, pampu imeharibika. Alafu angalia paipu ya kutoa maji kama imekunjika nyuma, na ihakikishe imepanda juu chini ya kaunta kabla ya kushuka kwa sinki, la sivyo maji machafu ya sinki yatarudi kwa vyombo.

Hatua ya 4. Vyombo vinatoka bado vichafu. Toa mikono ya kurusha maji, zibua matundu na kijiti. Sufuria ya ugali iloweke na uikwangue kwanza, ule ukoko ndio unaziba. Ukiwa na maji ya kisima na glasi zinatoka na ukungu mweupe, weka chumvi maalum ya mashine, sio ya mezani. Na sabuni ya maji ya sinki usiweke hata tone, povu litajaa hadi litoke mlangoni.

Hatua ya 5. Pampu inanguruma bila kukoma hata ukizima kwa batoni? Maji yamevuja kwa trei ya chini yakainua boya la usalama. Chomoa stima, kausha, alafu tafuta yanakotoka, mara nyingi ni raba ya mlango ama klipu ya paipu.

Breka ikianguka kila maji yakianza kupashwa moto, wachia hapo, usilazimishe. Yaelekea hita inavujisha stima, na hiyo ni ya fundi. Akija mwambie aipime mbele yako: kwa mita ya kupima stima, hita ya wati 2000 inafaa isome kama ohm 29 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa stima), na kati yake na chuma cha mashine mita isionyeshe stima ikipita hata kidogo. Mwombe akuonyeshe hiyo namba kwa mita kabla hajakutajia bei ya bodi.