Cheo cha Bingwa kwa Paka wa Nasaba: Jinsi Kinavyotafutwa Onyeshoni

Paka hawi bingwa kwa sababu amewashinda wenzake wote ukumbini kwa siku moja. Cheo hicho hukusanywa kidogo kidogo, mbele ya majaji tofauti, na mara nyingi katika miji tofauti, kwa kuwa waliotunga kanuni walifahamu kwamba jicho la mtu mmoja lina mapendeleo yake. Mwaka 1871, Harrison Weir alipoandaa onyesho kubwa la kwanza la paka katika jumba la Crystal Palace jijini London, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa majaji watatu, wa pili akiwa ndugu yake, na viwango walivyovitumia kuwapima paka alikuwa ameviandika yeye. Mpangilio wa namna hiyo ulifaa kwa siku ya kwanza. Usingefaa leo, ambapo cheo huandikwa katika nasaba ya paka na kuathiri bei ya watoto wake.

Maelezo yafuatayo yanafuata zaidi kanuni za CFA, shirika la Marekani linalosajili paka wa nasaba, lililoanzishwa mwaka 1906, ambalo vilabu vyake huandaa maonyesho pia Kanada, Ulaya, Japani na hata Kuwait. Nimelichagua kwa sababu hesabu yake ya pointi ni rahisi kufuatilia, na anayeielewa hapotei sana akihamia kwenye shirika lingine. Kanuni hurekebishwa mara kwa mara, hivyo pata toleo la msimu unaohusika kabla ya kujaza fomu yoyote. Msimu wa CFA huanza tarehe 1 Mei na kumalizika tarehe 30 Aprili.

Anza na karatasi kabla ya paka. Paka wa nasaba ni yule ambaye wazazi, mababu na mabibi zake wameandikwa katika daftari la shirika, na cheo hakiwezi kuthibitishwa kwa paka asiye na namba ya usajili. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama. Wafugaji wengi huwagawa watoto wa paka katika makundi mawili, yaani wa kufugwa nyumbani tu na wa onyesho au uzazi, na wale wa kundi la kwanza huuzwa kwa mkataba unaomtaka mnunuzi awahasi. Bei hutofautiana, na sababu ya tofauti hiyo huenda ikawa mkia uliopinda kidogo au rangi ya macho isiyokolea, kasoro ambazo mgeni hazioni lakini jaji haziachi. Mwambie mfugaji waziwazi, kabla ya kulipa, kwamba unakusudia kumpeleka paka onyeshoni, umwombe akueleze ubora na upungufu wake, na usikubali ahadi kwamba karatasi zitafuata baadaye.

Kisha soma kiwango rasmi cha aina ya paka wako, na ukisome zaidi ya mara moja. Jambo ambalo watazamaji hulisahau ni kwamba jaji hamlinganishi paka wa Kiajemi na paka wa Siamu moja kwa moja. Humlinganisha kila mmoja na maandishi yanayoeleza jinsi paka kamili wa aina hiyo anavyopaswa kuwa, kisha huuliza ni nani aliye karibu zaidi na maandishi yake. Kiwango cha Kiajemi na kile cha Siamu vyote vina pointi 100, lakini zimegawanywa kwa namna tofauti. Kwa paka wa Kiajemi, kichwa pamoja na umbo la macho na masikio hubeba pointi 30, umbile la mwili 20, rangi 20, rangi ya macho 10, manyoya 10, na zinazobaki ni za uwiano na unadhifu wa umbo. Kwa paka wa Siamu, mwili ndio wenye pointi 30, kichwa 20, macho kwa umbo na mkao wake 10, manyoya 10, na rangi 30, ambapo rangi ya macho imo ndani yake. Mmiliki wa Siamu anayejivunia uso wa paka wake huku mwili ukiwa umelegea kwa unene anajivunia sehemu ndogo ya hesabu. Kiwango pia hutaja mambo yanayomwondoa paka mashindanoni kabisa: Siamu mwenye macho yasiyo ya buluu, vidole vyeupe au mkia wenye kifundo kinachoonekana hapati kitu, hata angekuwa mzuri kiasi gani.

Baada ya hapo amua paka wako anaingia daraja gani. Watoto wa paka wenye umri wa miezi minne hadi chini ya minane hushindana peke yao na hawapati cheo cha ubingwa, ingawa siku hizo ni shule nzuri kwao na kwa mwenye paka. Kuanzia miezi minane, paka ambaye hajahasiwa huingia daraja la ubingwa, na aliyehasiwa huingia daraja la premia, lenye ngazi zinazofanana kwa majina yake. Daraja hili la pili lisidharauliwe. Paka aliyehasiwa huwa mtulivu zaidi na hasumbuliwi na joto la uzazi, kwa hiyo anayeanza ningemshauri aanzie huko.

Ndani ya daraja la ubingwa kuna makundi matatu: paka wasio na cheo, Mabingwa, na Mabingwa Wakuu. Paka mgeni huingia kundi la kwanza, pamoja na wengine ambao nao hawajapata cheo. Jaji akiridhika kwamba anastahili, humpa alama ya kufuzu. Asiporidhika, anaweza kumnyima hata kama hakuna mshindani mwingine. Alama sita za namna hiyo, kutoka kwa majaji wasiopungua wanne, ndizo zinazomfanya paka awe Bingwa.

Idadi hiyo inaweza kuonekana kubwa mpaka uelewe jinsi ukumbi unavyopangwa. Onyesho moja la CFA kwa hakika ni maonyesho kadhaa chini ya paa moja. Kila jaji ana ulingo wake wenye meza na vizimba nyuma yake, naye huwapima paka upya bila kujali mwenzake wa ulingo wa jirani ameamua nini. Paka akipita mbele ya majaji sita katika siku mbili, anaweza kukamilisha alama zake za kufuzu mwisho wa juma hilohilo. Kuna hata nafasi ambayo wageni huikosa kwa kutojua: paka akitimiza masharti siku ya kwanza, kanuni huruhusu mwenyewe awasilishe fomu ya kudai cheo na ada yake kwa karani mkuu, ili siku ya pili paka ashindane akiwa Bingwa. Alama hizo bila fomu hiyo kuwasilishwa hazimpi paka cheo chochote.

Siku yenyewe ina utaratibu wake. Kucha zikatwe kabla ya kufika, paka awe na afya na chanjo zake, na asiwe na viroboto wala kuvu wa ngozi. Ukifika, pitia katalogi uhakikishe kwamba umri, rangi, jinsia na kundi vimeandikwa sawa, kwani kosa la karatasi linaweza kufuta ushindi. Namba ya paka wako inapoitwa, mpeleke ulingoni, umweke katika kizimba chenye namba hiyo, kisha uondoke ukakae kwenye viti. Usimsemeshe jaji habari za paka wako. Kitabu chake hakina jina la paka wala la mmiliki, na ni vyema asiyajue. Utamwona akimtoa paka, akimweka mezani, akipapasa fuvu, taya na uti wa mgongo, akimnyanyua ili aone urefu wa mwili, akimchezesha kwa unyoya ili macho yafunguke na masikio yasimame, kisha akifuta meza na mikono kwa dawa kabla ya kumgusa mwingine. Tepe hutundikwa kwenye vizimba: buluu kwa wa kwanza, nyekundu kwa wa pili, njano kwa wa tatu, nyeusi kwa aliye bora katika rangi yake, kahawia kwa aliye bora katika aina yake, na zambarau kwa Bingwa bora.

Utepe wa zambarau ndio unaoelekeza kwenye cheo kinachofuata, na hapa hesabu hubadilika. Bingwa hukusanya pointi kwa kuwashinda Mabingwa wengine: kila Bingwa aliyehudhuria na kushindwa ni pointi moja. Tuseme ukumbini kuna Mabingwa 41. Katika ulingo unaopima aina zote kwa pamoja, aliye bora hupata pointi 40, wa pili hupata asilimia 90 ya hizo, yaani 36, na wa tatu asilimia 80, yaani 32. Nchini Marekani, pointi 200 ndizo zinazomfanya awe Bingwa Mkuu, huku Premia akihitaji 75 tu ili awe Premia Mkuu, na katika nchi zenye maonyesho machache masharti hulegezwa. Pointi hizo nazo lazima zitoke kwa zaidi ya jaji mmoja au wawili.

Kutokana na hesabu hiyo, onyesho dogo lililo karibu na nyumbani si lazima liwe la nafuu. Paka anayewashinda Mabingwa watano kila mara atalazimika kufanya hivyo mara 40, pamoja na ada, mafuta ya gari na hoteli zake zote, ilhali ushindi wa mara tano katika ukumbi wenye Mabingwa 41 ungemaliza kazi. Lakini ukumbi mkubwa huvuta paka wakali. Ningependekeza alama sita za kufuzu zitafutwe katika maonyesho madogo, paka akizoea kelele na mikono ya watu wageni, kisha aende kwenye makubwa akiwa amekomaa. Angalia pia orodha ya majaji walioalikwa. Wote hufuata kiwango kimoja, ila mmoja hukitazama kichwa kwa makini zaidi na mwingine mwili, na baada ya maonyesho kadhaa utawajua wale wanaompenda paka wako.

Maandalizi ya manyoya hutegemea aina. Siamu huhitaji kazi ndogo, kwa kuwa manyoya yake mafupi hulala yenyewe. Kiajemi ni shughuli ya siku nzima: huondolewa mafuta, huoshwa kwa shampuu, husuuzwa mpaka maji yawe meupe kabisa, kisha hukaushwa kwa mashine ya upepo huku kitana kikipita bila kukoma, kwani unyoya unaokauka bila kuchanwa hujikunja. Kazi hii haianzi wiki ya onyesho. Paka aoshwe mara kwa mara tangu akiwa mdogo, na azoeshwe kusimama mezani na kushikwa na watu asiowajua, kwa sababu paka anayeuma anaweza kuondolewa mashindanoni na jaji hata awe na umbo la kupigiwa mfano.

Uingereza wana njia yao. Chini ya baraza la GCCF, lililoanzishwa mwaka 1910, kwa desturi paka hukaa katika kizimba chake chenye blanketi jeupe, bakuli jeupe na choo cheupe, ili pasiwe na alama ya kumtambulisha mwenyewe, na jaji ndiye anayepita na meza yake ya magurudumu kutoka kizimba hadi kizimba huku wamiliki wakiwa wameondoka ukumbini. Cheo cha Bingwa huko hupatikana kwa vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu tofauti. Binafsi nauona utaratibu huo kuwa wa haki zaidi, ingawa unamnyima mmiliki nafasi ya kuona na kujifunza jaji anatazama nini.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akadhani mambo haya yote ni ya paka wa ng'ambo. Lakini ipo aina iliyotoka kwetu: paka wa Sokoke, mwenye mabaka yanayofanana na gome la mti, ambaye Wagiriama wa pwani ya Kenya walimfahamu kwa jina la kadzonzo kabla ya wafugaji wa kigeni kumwona karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke mwishoni mwa miaka ya 1970. Alipelekwa Denmark katika miaka ya 1980, na shirikisho la Ulaya la FIFe likamtambua mwaka 1993. Na kwa aliye na paka wa mtaani asiye na karatasi, TICA, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1979, lina daraja la paka wa nyumbani ambamo hapapimwi nasaba wala kiwango cha aina, bali afya, unadhifu, tabia na mvuto, na vyeo vyake hupanda ngazi kwa ngazi kama vile vya wenye nasaba.

Kuna cheo kimoja cha CFA ambacho paka anaweza kukipata akiwa amelala nyumbani. Jike aliyezaa watoto watano waliofikia ngazi ya Bingwa Mkuu au Premia Mkuu, au dume aliyezalisha 15 wa namna hiyo, huongezewa herufi DM (Distinguished Merit) mwishoni mwa jina lake, ilhali vyeo vingine vya ushindi kama Bingwa Mkuu huandikwa mwanzoni. Wafugaji wanaponunua paka wa uzazi, wengi wao husoma kwanza mwisho huo wa majina katika karatasi ya nasaba.