Jinsi ya kuyasoma maisha ya kocha wa futiboli ya vyuo

Ukihamia Alabama kama mimi, hata leseni ya udereva hujapata, utaulizwa unashabikia chuo gani. Ni futiboli yao hiyo, ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Usiwe wa kuitikia tu kwa kichwa: jifunze kuyasoma maisha ya kocha. Tumchukue Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama, maana huku jina lake hulikwepi.

Usianze na makombe. Anza na miaka ya usaidizi, uone alifundwa na nani. Saban aliingia kazini chuo cha Kent State mwaka 1973, chini ya Don James, akimsubiri mkewe amalize shahada. Ukocha mkuu hakuuonja hadi 1990, kule chuo cha Toledo. Msimu mmoja tu, akaacha, akaenda Cleveland Browns, timu ya kulipwa, kusimamia ulinzi chini ya Bill Belichick. Hapo ndipo pa kukazia macho: bosi mzima anakubali kurudi kuwa msaidizi ili ajifunze. Kocha asiyepitia miaka ya namna hiyo mimi humtilia shaka.

Angalia pia anavyohama. Desemba 2006, akiwa kocha wa Miami Dolphins, nayo timu ya kulipwa, Saban alitangaza kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Januari akatua Tuscaloosa, mji wa chuo hicho cha Alabama, na mkataba wa miaka 8, dola milioni 32. Kocha akikuambia haendi popote, wewe subiri msimu uishe.

Jedwali la ushindi nalo lina mambo yake. Mwaka 2007 Alabama ilishinda mechi 7 na kupoteza 6, ila kumbukumbu rasmi zinaonyesha ushindi 2. NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, walifuta 5 kwa sababu ya vitabu vya masomo vilivyochukuliwa kinyume cha kanuni.

Halafu wafuatilie wasaidizi wake. Wengi hulisahau hili. Fainali ya vyuo ya Januari 2018, chuo cha Georgia cha Kirby Smart, msaidizi wake wa zamani, iliongoza 13-0 hadi mapumziko. Saban akamweka benchi Jalen Hurts, aliyewafikisha fainali, akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 26-23 katika muda wa ziada. Januari 2022 Smart akalipiza, 33-18.

Saban alistaafu Januari 2024 na mataji 7: moja la LSU, chuo cha Louisiana, 6 ya Alabama. Kwa shabiki wa Auburn, chuo hasimu wa Alabama, hesabu hiyo usiitaje. Muulize Novemba 2013, ile sekunde moja ambayo Saban mwenyewe aliidai irudishwe kwenye saa, na Auburn wakaitumia kushinda. Atakusimulia mpaka chakula kipoe.